Kopo la Kumi na Nne

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nahesabu. Mke wangu anasema nikifika mia nipumzike. Sipumziki.

Asubuhi alinifunga kifungo cha shati. Kilikuwa kimeshafungwa. Alikifungua kwanza, ndipo akakifunga. Nikaenda kazini miguu haigusi chini.

Kazini ni duka la kunakili na kujalidi, mkabala na maktaba ya chuo kikuu. Mimi ni mtu wa gundi na uzi. Chochote wanachokigundua wasomi hawa lazima kipite mikononi mwangu kabla ya kuingia kabatini. Leo nimejalidi tasnifu tatu. Historia ya makufuli, kurasa mia tatu na kumi. Kwa nini watu hushusha sauti wakiwa kwenye foleni. Na moja ya hesabu, ambayo kuanzia ukurasa wa arobaini haina neno hata moja, nikaishika kwa adabu nikiogopa kuijalidi juu chini. Niliishia kidato cha nne, lakini vidole vyangu vinapitiwa na shahada kumi kwa wiki.

Na mke wangu ni mmoja wao! Yeye anachunguza mbawakawa wa samadi, wale wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe kikawa mpira. Anataka kujua wanasafiri umbali gani kutoka zizi la chuo. Amefukia makopo thelathini kwa mstari, moja kila mita mia, midomo sawa na ardhi, kuanzia zizini hadi kwenye uzio wa bustani ya mimea. Juu ya kila kopo ananing'iniza samadi kidogo ndani ya kitambaa, kuwavutia. Mdudu anakuja, anateleza, anatumbukia. Kila siku saa tatu asubuhi mke wangu anapita na daftari. Hata akiwa amechuchumaa juu ya samadi anapendeza. Nimewahi kumwambia. Alicheka mpaka akadondosha kalamu koponi.

Lakini ana huzuni. Makopo sita ya kwanza yanapata wadudu. Ishirini na manne yaliyobaki, sifuri. Wiki ya tatu sasa. Jana nilimwona akiandika sifuri ishirini na nne zikifuatana, kama mtu anayechora shanga. Na Ijumaa saa nne anakwenda mbele ya Jopo. Kuna nafasi moja tu: mwaka wa pili wa utafiti, na chumba cha ghorofani chenye dirisha. Ni yeye au Bwana Mchwa.

Bwana Mchwa anachunguza mchwa. Wanagawana meza moja maabara. Anavaa tai kila siku, na neno "shemeji" analitamka kwangu kama anafukuza kuku.

Halafu mama mkwe. Alikuja jana kututembelea. Akaitazama mikono yangu, akasema binti yake kasoma miaka kumi na minane, kumbe alikuwa anatafutwa na mtu wa gundi. Akasema si vibaya, nitasaidia kubandika mapazia.

Usiku mwema, mama mkwe. Haba na haba hujaza kibaba. Nikaze moyo, itajaza na kopo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefanya!

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa zizini na baiskeli. Mkamuaji akaniuliza kama nimekuja kununua maziwa. Nikasema nimekuja kuangalia mandhari. Akatazama samadi, akanitazama, akaendelea kukamua.

Mbawakawa wamejaa pale. Nimechagua kumi na mmoja. Sikuokota ovyo, hapana, hili ni jambo la mapenzi. Nilichagua wenye doa jekundu mgongoni, warembo kuliko wenzao. Nikawatia kwenye kibweta changu cha chakula cha mchana, nikapanda baiskeli, nikawamwaga kwenye kopo la kumi na nne. Kwa sababu tulioana tarehe kumi na nne. Wanaona sayansi yao peke yake ndiyo yenye mantiki.

Saa tatu na nusu mlango wa duka ukafunguka kwa kishindo. Mke wangu. Kaja mbio akiwa na koti jeupe la maabara. Akanikumbatia mbele ya wateja wanne. Mikono yangu ilikuwa na gundi mbichi, kwa hiyo tulipotaka kuachana koti lilikataa. Tukabaki hivyo dakika mbili tukivutana. Mteja wa historia ya makufuli akatoa ushauri wa kitaalamu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jioni nikamwomba anieleze taratibu. Akaeleza, macho yakimeta. Wale wenye doa jekundu amewapaka mwenyewe. Rangi ya kucha, ileile ya siku ya harusi. Aliwakamata zizini, akawapaka, akawaachia palepale. Kwa hiyo mwenye doa akionekana kopo la kumi na nne, maana yake ametoka zizini kwa mabawa yake, kilomita moja na mita mia nne. Kwa siku moja. Katika vitabu vyote alivyosoma hajaona jambo kama hilo.

Nikaweka kijiko chini.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshampigia mama yake, na mama mkwe akaomba kuzungumza nami. Akasema huenda nina mguu wa heri. Mama mkwe! Mguu wa heri! Mdomo ukajifunga wenyewe.

Halafu mke wangu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mara moja inaweza kuwa bahati tu. Sayansi haiamini kitu hadi kijirudie. Kisipojirudia, Ijumaa atachekwa.

Basi kitajirudia.

Jumatano, 9 Oktoba

Kimejirudia. Tisa. Leo nilikuwa na haraka, jana dukani kulikuwa na kazi nyingi na sikunawa vizuri, lakini wamefika salama wote tisa. Mkamuaji ameacha kuniuliza maswali. Ananisalimu kama mgonjwa.

Habari imeenea chuoni. Mchana nilipeleka majalada jengo la falsafa, ambalo liko karibu kabisa na kopo, nikakuta watu wamelizunguka.

Mtu wa fizikia alikuwa na kipima upepo, kidude chenye vikombe vinavyozunguka. Anasema kati ya majengo mawili kuna mkondo wa hewa unaowabeba. Mwanahistoria alikuja na ramani ya zamani, anasema hapa ndipo ilipopita njia ya ng'ombe kabla chuo hakijajengwa, na huenda wadudu wanakumbuka. Mtu wa fizikia akauliza wanakumbuka kwa kutumia nini. Mwanahistoria akasema hilo si swali la idara yake. Mtu wa hesabu alichora mstari uliopinda ubaoni, akabeba na ubao wenyewe, akasema mdudu wa ishirini na moja atafika Ijumaa. Mwanamuziki alilala kifudifudi akirekodi milio ya mabawa. Mwanaisimu alimhoji mtunza bustani majina kumi na manne anayowaita wadudu, na kumi kati yake hayaandikiki humu. Mwalimu wa fasihi akasema taratibu kwamba hii ni safari ya mpenzi aliyeacha nyumbani kwake bila kujua anaelekea wapi. Nilikohoa.

Na mwanafalsafa alijitokeza tu dirishani kwake na kikombe cha chai, akauliza: mdudu aliyefika asikokusudia, je, amefika au amepotea? Akamaliza chai yake. Akarudi ndani ameridhika.

Mke wangu yumo katikati, anajibu huyu, anamgeukia yule, penseli nyweleni. Nimejalidi kazi za watu wote hawa miaka sita na sijawahi kuwaona wakisimama mahali pamoja. Idara ya historia na ya fizikia hawagawani hata mashine ya kunakili. Na leo wote wamechuchumaa, matako juu, wanatazama kopo moja. Mimi ndiye niliyewaita. Natamani ningeweza kumwambia mtu.

Bwana Mchwa peke yake alisimama pembeni, ameshika tai isiguse chini. Akaniuliza, shemeji, hivi duka siku hizi linafunguliwa saa ngapi. Nikasema saa mbili. Akasema anaona baiskeli yangu inaamka mapema kuliko duka.

Nikamwambia mwili unahitaji mazoezi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku mbaya. Naiandika kwa kufuata mpangilio, kama mke wangu alivyonifundisha.

Alfajiri: saba. Salama.

Saa tatu: umati mkubwa zaidi. Mama Profesa, msimamizi wa mke wangu, amekuja mwenyewe. Ni mama mfupi, viatu vya ngozi vya kufunga kwa kamba, anazungumza kidogo. Ndiye mwenyekiti wa Jopo.

Saa tatu na robo: Bwana Mchwa akaomba lenzi. Akamgeuza mmoja wa wadudu. Akasema kuna kitu cheupe kimegandia kwenye bawa. Kimekauka. Kinang'aa. Mwanahistoria akasema ni udongo wa njia ya ng'ombe. Mtu wa fizikia akasema ni vumbi la mkondo wa hewa. Mwalimu wa fasihi akasema ni chozi.

Mkemia alikuwa anapita zake kwenda kula. Akaitwa. Akakikwangua kwa kibanio, akakitia kwenye kichupa, akasema majibu kesho saa tatu asubuhi, saa moja kabla ya Jopo.

Mimi najua ni nini. Nimekinusa kwa miaka sita.

Mama Profesa akamwambia mke wangu, kwa upole ambao ulinikata maini, kwamba anamwamini, ila Jopo halitauliza nani kaweka, litauliza makopo ni ya nani. Mke wangu akasema makopo ni yake na hana wasiwasi. Akanitazama. Akatabasamu.

Tabasamu lile nimelibeba hadi dukani kama jiwe kifuani. Akionekana mdanganyifu atapoteza si chumba tu. Hakuna atakayeamini hata sifuri zake.

Nilipaswa kusema hapohapo. Badala yake nikapata wazo.

Tatizo si gundi. Tatizo ni gundi kuwa mahali pamoja. Ikiwa gundi ipo kwenye makopo yote thelathini, basi ni kitu cha kawaida, ni hali ya nchi, kama vumbi. Mkemia atasema ni gundi, na mimi nitasema kwa mshangao, mbona iko kila mahali.

Saa kumi na moja jioni, watu wamekwenda nyumbani. Ndoo moja, brashi pana. Nimepaka kingo za makopo yote, na ardhi iliyozunguka, mipako miwili. Kazi safi. Kilomita tatu kwa magoti. Mapenzi ni kazi ya mikono, jamani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saa mbili asubuhi Mama Profesa alipita kukagua mwenyewe kabla ya Jopo. Kiatu cha kushoto kilibaki kopo la kumi na nne. Alijaribu kukivuta kwa mkono, mkono nao ukanasa. Bwana Mchwa akainama kumsaidia. Tai ikagusa ukingo.

Walikutwa hivyo na mtunza bustani, ambaye alikata tai kwa mkasi wa maua. Kiatu hakikukatika.

Saa mbili na nusu mke wangu akaingia dukani. Safari hii mlango haukupiga kishindo. Akasubiri wateja waondoke. Kisha akaweka juu ya meza kibweta changu cha chakula. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mguu mmoja mdogo mweusi wenye miiba, umelala kando ya punje ya wali.

Akasema ameona alama za brashi. Kutoka kushoto kwenda kulia, mipako miwili, wa pili mwembamba. Akasema ameishi na mgongo wa kila kitabu ninachokijalidi, hajui mtu mwingine anayepaka hivyo.

Nikamwambia yote. Zizi, doa, tarehe kumi na nne, mguu wa heri. Nikasema nilitaka tu ayaone makopo yake yakiwa yamejaa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema: makopo matupu ndiyo yalikuwa jibu. Alikuwa anauliza wanaishia wapi, nao walikuwa wanamjibu kila siku, mita mia sita, mita mia sita, wiki tatu mfululizo bila kukosea. Alikuwa na huzuni kwa sababu amechoka, si kwa sababu ameshindwa. Akasema nimejaza jibu lake kwa wadudu.

Nikauliza nifanye nini. Akasema nisifanye kitu. Nisifanye kitu chochote, kabisa, hadi atakaponiambia. Akavua koti la maabara, lile lenye alama za mikono yangu miwili mgongoni. Akalitazama. Akalivaa tena. Akaondoka.

Niliketi. Mteja alileta tasnifu kuhusu ukimya katika mikutano ya hadhara. Sikuweza kuigusa.

Yaliyotokea kwenye Jopo nimeyasikia kutoka kwa mtu wa hesabu, ambaye alikuja kunakili barua na hawezi kusimulia jambo bila kuchora. Mkemia alisimama kwanza, akasema ni gundi ya kujalidi vitabu, daraja zuri. Vichwa vyote vikamgeukia mwenye makopo. Mke wangu akasimama kabla hajaulizwa. Akasema kopo la kumi na nne analifuta lote, siku zote tatu. Akasema wadudu wale walikuja kwa baiskeli. Akasema ya nani. Akageuka akawaonyesha mgongo, alama mbili za mikono. Kisha akawasomea sifuri zake, moja baada ya nyingine, ishirini na nne kwa siku, wiki tatu, za kabla ya baiskeli. Mtu wa hesabu anasema ilipofika wiki ya pili alitamani kulia, zilikuwa zimenyooka mno.

Mama Profesa alisikiliza akiwa na kiatu kimoja. Akasema, mdanganyifu hujaza. Anayeleta sifuri mia tano na ushahidi dhidi ya mumewe, huyo ni mtafiti.

Mwaka wa pili ameupata! Chumba watagawana, yeye na Bwana Mchwa anayemalizia mwaka wake wa kwanza, pazia katikati.

Na kuna azimio, limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mume wa mtafiti asikaribie kopo lolote kwa umbali usiozidi mita mia sita. Mwanafalsafa aliomba iongezwe "kwa kukusudia au kwa kupotea." Ikaongezwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya ishirini na nane. Hasemi nami. Anakula, anaandika, anapita. Vifungo nimefunga mwenyewe, nikaruka kimoja.

Mama mkwe amepiga simu, ameambiwa. Akataka nipewe. Nikajiandaa. Akasema kumbe gundi yenyewe ni imara. Akakata.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchana mke wangu akaja na kichupa cha rangi ya kucha. Akasema nipe mkono. Nikatoa. Akanipaka doa jekundu kwenye ukucha wa kidole gumba, polepole, akilipuliza likauke.

Nikauliza ni la nini. Akasema ili mtu akiniokota mbali, ajue nimetoka nyumba ipi.

Jamani. Nimetembea nyumba nzima nikiwa nimeinua kidole gumba. Nimemwahidi sitaingilia tena utafiti wake. Neno la mwanamume. Akanifungua kifungo cha shati. Akakifunga.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya thelathini. Na mwezi mmoja kamili tangu tarehe kumi na nne!

Nimesaidia kuhamisha vitu chumba kipya. Dirisha liko upande wa Bwana Mchwa. Upande wa mke wangu kuna ukuta na bomba. Hakulalamika, ndivyo alivyo. Mimi ndiye niliyeona jinsi mwanga ulivyoishia kwenye pazia.

Bwana Mchwa ana majonzi. Hana tai. Ameniambia, na shemeji la leo lilikuwa karibu la kweli, kwamba kichuguu chake hakijakua hata kidole kwa wiki mbili. Kikikua angalau nusu hatua kufikia mwisho wa mwezi, Idara itamhamishia kituo cha shambani, chenye chumba chake mwenyewe. Basi chumba cha dirisha kingebaki na mtu mmoja.

Nimeuliza tu kichuguu kiko wapi. Kwa heshima. Kiko nyuma ya karakana. Nimepima kwa baiskeli: mita mia saba na hamsini kutoka kopo la karibu zaidi.

Nimesoma azimio la Jopo mara mbili. Halitaji mchwa popote. Na utafiti wa mchwa si utafiti wa mke wangu, kwa hiyo neno langu liko palepale.

Ndoo nimeiosha. Udongo mwekundu upo nyuma ya duka, na ukichanganywa na gundi kidogo unashika kama saruji. Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii nimenawa mikono.